Dakika Saba Bila Umeme

Televisheni ya Aboubakar, mtaani Nyamugari mjini Gitega, haikuwa na sauti tangu mwaka ule spika yake ilipoungua, na hakuna mtu aliyetaka itengenezwe. Sauti ya pale ilikuwa ya Layla, mdogo wake Aboubakar. Intamba mu Rugamba, timu ya taifa ya Burundi, wakicheza ugenini, mechi ilikuja na watangazaji wa Kiarabu, na Kiarabu cha watu wa Nyamugari ni cha sala. Hakina kona wala kuotea. Basi Layla aliiacha cherehani yake, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi kwenye kigoda chini ya skrini na orodha ya wachezaji mkononi, akaitangaza mechi mwenyewe tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Watu walipanda baiskeli toka Ryansoro kuja kumsikia. Alilijua hilo, na tusimfichie siri, alijivunia.

Jumapili ile timu ilihitaji sare tu ibaki kwenye mashindano. Dakika ya sitini na nne matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, mvua inanyesha kule ugenini hadi mistari ya chaki imefutika. Layla alikuwa ndiyo kwanza ametangaza kwamba Yakobo, winga kijana wa Muyinga, jezi namba kumi na tano, anapasha misuli pembeni na kocha amemwita. Kijana hajawahi kuichezea timu ya taifa hata dakika moja. Hapo umeme ukakatika.

Ulikatika kwa dakika saba, na dakika zote saba zilikwenda katika ubishi. Rachid, dereva wa lori la kutoka Kobero mpakani, alisimama gizani akasema kinachotuua ni Kasiano, nahodha, beki mzima lakini amechoka. Iko anatembea, alisema Rachid, kama mtu anatafuta pesa yake aliangusha. Atolewe, mtoto wa Muyinga aingie, kwani yeye Rachid amemwona akicheza kwenye viwanja vya mteremko ambako mpira ukikupita unaukuta kwa jirani. Aboubakar akamjibu kwamba timu ya taifa si chekechea. Mwingine akasema kocha hajui kitu, mwingine akasema kocha anajua ila miguu ndiyo haijui, na kabla hawajafika kwa kipa, umeme ukarudi.

Kwenye skrini, nyuma kabisa upande wa ulinzi, alikuwa anakimbia mtu mwenye matope hadi nyweleni, na mgongoni ana kumi na tano. Namba nne ya Kasiano haikuonekana popote. Layla hakuhitaji hata kuitazama orodha. Alitangaza kwamba Kasiano ametoka na Yakobo kaingia, chumba kikalipuka kwa vigelegele, Rachid akakumbatiwa kama yeye ndiye kocha.

Dakika ya themanini na moja, kumi na tano akamrudishia kipa mpira. Haukufika. Mshambuliaji wao akaufikia kwanza, akafunga, na mashindano yetu yakaishia hapo. Layla alisimama juu ya kigoda. Hasira ilimpanda na ulimi ukatangulia.

"Kumi na tano we! Nani alikudanganya we ni mchezaji? Mama yako iko wapi? Akupatie jembe, urudi Muyinga ulime mihogo!"

Watu walicheka huku wanalia. Mmoja wao alikuwa amewasha simu kurekodi, na sauti ile ilifika Bujumbura kabla ya swala ya magharibi. Kesho yake ilikuwa Muyinga.

Alhamisi Rachid alirudi kutoka Kobero, akaja moja kwa moja kwenye cherehani ya Layla bila kupitia nyumbani. Hakuwa na utani siku hiyo. Alisimulia kwamba mama yake Yakobo anaitwa Vumilia, mmoja wa wale waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kibondo, upande wa Tanzania, wakarudi na watoto, na anauza maharage sokoni Muyinga. Akipita, vijana wanafungulia sauti ya Layla kwenye simu zao. Alfajiri moja amekuta jembe limeegemezwa mlangoni, limeandikwa 15 kwa mkaa. Yakobo amelichukua jembe lile lile, na kila asubuhi anakwenda nalo shamba. Timu inaingia kambini Bujumbura Jumatatu kwa mechi nyingine, jina lake limesomwa, na amesema haendi.

"Na bado haiko hiyo tu," Rachid alisema, akaweka simu juu ya kitambaa alichokuwa anashona. "Angalia uso."

Ilikuwa video fupi ya goli, imechukuliwa kwa karibu. Namba kumi na tano anageuka baada ya mpira kuingia, ana pamba puani, mkononi amevaa kitambaa cha nahodha. Alikuwa Kasiano. Layla aliirudia mara nne. Kitambaa cha nahodha, na yeye ni fundi wa vitambaa, alikuwa ameangalia dakika kumi nzima asikione, kwa sababu alikuwa ameshaamua anamwona nani.

"Yakobo hakucheza," alisema.

"Hakucheza hata. Redio ilitaja Kasiano siku ile ile. Mais nani anasikiliza redio, na sauti yako iko inachekesha?"

Jioni hiyo alilipeleka jambo hilo mbele ya watu wale wale. Alidhani wataona aibu pamoja naye. Badala yake ukazuka ubishi kama wa mechi. Mmoja alisema hata kijana angeingia angefanya vile vile, kwa hiyo kosa ni dogo. Mwingine akataka kwanza waamue kwa nini Kasiano alivaa jezi isiyo yake, labda alikuwa anajificha. Wa tatu akasema mchezaji asiyevumilia maneno akauze nyanya. Aboubakar alingoja wamalize, akamvuta dada yake pembeni akamwambia kwa upole kwamba ayaache. Watu wanakuja hapa kwa sababu wanamwamini. Akisema leo alikosea mtu, kesho kila jina atakalotaja watabisha.

"Wabishe," Layla alisema. "Mi nilimtukania mtu mtoto ambaye hakuwa hata ndani ya uwanja."

Alirekodi masahihisho kwa simu, dakika moja na nusu, kwa adabu zote, akayatuma kwenye kila kundi alilokuwamo. Ijumaa mchana aliuliza yamefika wapi. Hayakuwa yamefika popote. Watu walikuwa wameyasikiliza, wakasema vizuri, wakayaacha hapo hapo, kwa maana masahihisho hayachekeshi. Lile tusi la jembe lilikuwa bado linatembea. Layla alifunika cherehani, akamwambia kaka yake kwamba sauti iliyofika Muyinga bila yeye sasa itafika naye.

Jumamosi alipanda lori la Rachid. Walipofika Mutaho mafuta yakawaishia, na kituoni hapakuwa na tone. Magari yalikuwa yamepanga mstari toka juzi. Rachid alimsihi wangoje hadi kesho, labda lori la mafuta litakuja. Layla alimwambia kesho ndiyo siku ya mwisho kabla ya kambi, akateremka, akakaa nyuma ya baiskeli ya kukodi na mfuko mapajani, mwendesha baiskeli akishuka kumsukuma kila kilima kilipozidi. Njiani alipata gari dogo la Ngozi lililokwisha jaa, akajaa nalo. Alipofika Muyinga jua lilikuwa linaelekea kushuka, kiuno kinamuuma, na vumbi limempaka hadi kope. Kabla hajaulizia nyumba, aliwapita vijana wawili mlangoni kwa muuza vocha, simu yao ikasema kwa sauti yake mwenyewe: akupatie jembe. Walicheka. Hawakumjua.

Vumilia alikuwa anapepeta maharage uani. Alikuwa mwanamke mrefu, kilemba kimefungwa vizuri, na alimkaribisha mgeni kwa kigoda na maji kabla ya kumuuliza jina. Layla alipolitaja jina, ungo ulisimama hewani. Alieleza yote, kuanzia umeme hadi video, bila kujipunguzia. Mwisho akatoa kitenge kipya alichokishonea pindo kwa mkono, akamwekea mapajani. Vumilia alikikunja akakirudisha mfukoni mwa mwenyewe.

"Dada, hukumtukana mwanangu chumbani ukiwa na mimi," alisema. "Ulimtukana mbele za watu. Kwa nini unakuja kuomba radhi uani kwangu, ambako hakuna anayekusikia?"

"Mama Yakobo, utasema mahali. Mi nitaenda."

"Kuna kibanda cha video cha Moses, nyuma ya soko. Ana mechi nzima kwenye flashi, na watu watakijaza kibanda kesho baada ya ibada. Utaitangaza upya." Aliinua kidole. "Lakini sikiliza. Mama yake Kasiano ni Josefina. Kambini tulichota maji bomba moja, na nilipougua ndiye aliyemnyonyesha huyu Yakobo. Kama umekuja kumtoa mtoto wangu ili umtumbukize wa Josefina, basi rudi kwenu usiku huu huu."

Kwa siku tatu Layla alikuwa amejiandaa kusema si Yakobo, ni Kasiano, na hapo ndipo masahihisho yake yalipoishia.

Yakobo aliingia akiwa na jembe begani. Alikuwa mwembamba kuliko Layla alivyomdhania, kijana wa miaka ishirini hivi, na alimwamkia Shikamoo, ile salamu ya Tanzania ambayo watoto wa hapa waliwachekea wenzao waliorudi. Layla aliitika Marahaba, na neno likatoka nusu. Alipoambiwa mgeni ni nani, kijana aliegemeza jembe ukutani polepole, 15 ya mkaa bado inasomeka.

Layla alimuuliza kwa nini hakusema kwamba si yeye, wiki nzima, hata kwa mama yake.

"Nikisema si mimi, nimeshasema ni nani," alijibu. Aliulizwa kuhusu Jumatatu. Alisema Jumatatu ana mihogo ya kupalilia, akaenda kunawa.

Layla alilala hapo, kwenye mkeka mmoja na dada zake Yakobo, na hakulala sana. Mechi ile hakuwa ameiona nzima. Dakika saba zilimpita gizani, na sasa angezitangaza mbele ya wenyeji bila kujua zina nini ndani. Angeweza kumwomba Moses amwonyeshe kwanza. Aliamua hapana. Mara ya kwanza alikuwa ameamua kabla ya kuona. Safari hii ataona kwanza, kisha atafungua mdomo, hata kama kuna ukimya katikati.

Jumapili kibanda cha Moses kilijaa hadi wengine wakasimama juu ya matofali nje ya madirisha. Vumilia alikuja na nguo za kanisani, jembe mkononi, akalilaza sakafuni mbele ya benchi la kwanza na kuketi. Yakobo hakuingia. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Layla alijitambulisha, watu wakaguna, mmoja akamwomba aseme ile ya jembe tena. Alimwambia aisubiri, itakuja. Moses akazima sauti, akaipeleka mechi hadi dakika ya sitini na nne.

"Mvua," Layla alianza. "Yakobo, kumi na tano, anapasha pembeni. Kocha amemwita. Anamwonyesha winga wetu wa kushoto, donc ndiye atatoka. Mpira wa juu, Kasiano anaruka... kiwiko. Kiwiko cha pua. Kasiano iko chini."

Alinyamaza akatazama. Hapa ndipo umeme ulipokatika Gitega, na kuanzia hapa alikuwa mgeni kama wao.

"Damu ni nyingi. Jezi namba nne yote imekuwa nyekundu. Mwamuzi anasema hapana, hawezi kucheza na jezi ya damu. Kasiano hataki kutoka, anashika kitambaa chake cha nahodha. Mtunza vifaa anapekua begi. Analipindua. Hakuna jezi ingine. Mwamuzi anaangalia saa. Pembeni kule Yakobo amesimama tayari kwenye mstari, anangoja kuingia. Anaangalia Kasiano. Anavua jaketi. Anavua... anavua jezi yake. Anampa."

Mtu asiye na jezi haingii uwanjani. Jambo hilo lilijulikana kwa kila aliyekuwa kibandani, hata Vumilia, ambaye alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Kocha anamshika kichwa," Layla aliendelea. "Yakobo iko anacheka. Mvua inampiga kifua wazi, na iko anacheka. Anavaa jaketi, anarudi benchi. Dakika yake ya kwanza ya timu ya taifa, ametoka kuitoa. Dakika ya sabini na moja. Hapa ndipo umeme ulirudi kwetu, na mi Layla wa Nyamugari niliona namba, sikuona mtu."

Alizitangaza dakika kumi zilizofuata bila haraka, akimtaja Kasiano kwa jina kila alipogusa mpira, na Kasiano aliugusa sana: aliokoa kwa kichwa mara mbili na pamba puani. Ikaja themanini na moja. Watu walijisogeza. Layla aliinama hadi karibu na skrini.

"Kasiano anarudisha kwa kipa. Pasi iko sawa, ina nguvu yake. Moses, rudisha kidogo. Tazameni mpira, msitazame mtu. Hapa. Dimbwi. Unaingia kwenye maji na unakufa pale pale. Siku ile nilipiga kelele mpira ungali njiani, sikuuona ukifa."

Goli likaingia. Kijana mmoja dirishani, yule yule aliyetaka kuchekeshwa, akapaza sauti kwamba kama ni hivyo basi jembe apelekewe Kasiano. Wachache walianza kucheka. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande, na Layla aliziona. Aliinama, akaliokota jembe miguuni pa Vumilia, akaliweka begani pake.

"Jembe nililitaja mi," alisema. "Ni la kwangu. Nalibeba mpaka Gitega, na mtu akiniuliza njiani nitamwambia ni la nini. Kasiano hana kosa hapa, Yakobo hana kosa hapa. Nilikosa mi. Rekodini vizuri na mtume, mtume sana kuliko ile ingine."

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Kwanza ubishi ulianza, kama ilivyo lazima: wengine wakisema kipa angetoka mapema, wengine wakilaani mwamuzi, fundi mmoja wa baiskeli akishikilia kwamba timu inayosafiri na jezi moja moja haistahili hata sare. Lakini sasa walipomtaja Yakobo walimtaja kwa jina, na mzee mmoja wa kanisani kwao alikwenda mlangoni akamshika mkono. Vumilia alisimama mbele ya Layla. Alinyoosha mkono kwenye mfuko wa Layla, akakitoa kile kitenge, akajifunga.

Jumatatu asubuhi Layla alikuwa kituo cha magari, jembe begani, abiria wakimkwepa. Hakuwa ameuliza chochote jana usiku. Alikuwa amesema mengi ya kumtosha mtu mwaka mzima. Gari la Bujumbura lilikuwa limewasha injini aliposikia Shikamoo nyuma yake. Yakobo alikuwa na begi, na viatu vya mpira vimefungwa kamba shingoni. Vumilia alikuwa hatua chache nyuma, anabishana na kondakta kuhusu kiti cha dirishani.

"Marahaba," Layla alisema, na safari hii lilitoka lote.

Kijana alitazama ncha za viatu vyake. "Mama, ulitangaza vizuri. Ila umekosea mahali pamoja."

Layla aliuliza wapi.

"Nilipompa Kasiano jezi, ulisema nacheka. Sikuwa nacheka. Nilikuwa nalia. Mvua ndiyo iliyokuficha."

Layla alishusha jembe chini. Alikumbuka ile sura kwenye skrini, meno yakionekana, na yeye aliyekuwa ameapa ataona kwanza. Alitoa simu mfukoni pale pale, akasema gari halijaondoka, atarekodi sasa hivi, atatuma kila mahali, hata ikibidi arudi kwa Moses.

Yakobo aliifunika simu kwa kiganja.

"Hapana, mama," alisema. "Hiyo ya kucheka iache. Kasiano ameshaisikia."